Jiwe Juu ya Kamba

Mtaani Nguba, mjini Bukavu, mtoto akiangusha sahani, wenzake humpigia kelele: "Lâche Modeste!" Mtu akipoteza kazi kwa sababu ya mdomo wake mwenyewe, majirani hutikisa kichwa na kusema amefanya lâche ya Modeste. Hata mlevi aliyetumbukia mferejini siku ya Krismasi alipokelewa na maneno hayo hayo, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ni msemo mfupi, unakaa vizuri mdomoni. Shida yake ni moja tu: Modeste alikuwa mtu, alikuwa na dada, na dada huyo alikuwa akinunua chumvi kwenye duka lile lile walikokuwa wakichekea.

Dada mwenyewe ni Euphrasie. Mwanamke wa makamo, mpole wa sauti, mwenye mikono mikubwa, na asiyesahau. Wengine Mungu amewajalia kuimba, wengine kupika. Yeye alijaliwa kuweka kinyongo, na alikitunza jinsi watu wanavyotunza mbegu za maharagwe, pakavu na mbali na panya.

Ili uuelewe msemo huo, inabidi kwanza uelewe mapaa ya Nguba. Nyumba za zamani za huko, zile za tangu enzi za Wabelgiji, zimeezekwa kwa vigae vyekundu ambavyo watu wa Bukavu huviita matuile. Vinapendeza sana ukivitazama ukiwa chini. Lakini Bukavu mvua ikija haiji kusalimia, inahamia, na baada ya masika mawili matatu vigae vinaota majani laini ya kijani, mousse kwa lugha ya mafundi. Mousse inanyonya maji, inainua vigae, maji yanapenya chini, mbao zinaoza, na siku moja unaamka unakuta dari limekuja kulala nawe. Kwa hiyo kila kiangazi lazima mtu apande na brashi.

Na fundi mwenye akili hajipandii hivi hivi. Anafunga mkanda kiunoni, na kwenye mkanda kamba. Kamba inapanda paa, inavuka mgongo wa paa juu ya gunia ili isikatwe na vigae, inashuka upande wa pili wa nyumba, na huko mwenzake anaizungusha mara mbili kwenye shina la mti na kuishika. Huyo mwenzake hamwoni fundi, kwa maana kati yao kuna nyumba nzima. Kazi yake si ya nguvu, ni ya masikio. Fundi akisema "tire," anavuta. Akisema "lâche," analegeza kiasi cha mkono mmoja, ili mwenzake asogee. Kwa Kifaransa cha darasani, lâche inaweza kuwa achilia. Kwa Kifaransa cha juu ya paa ni legeza kidogo, basi, na kila fundi wa matuile anajua hivyo kabla hajajua kushika brashi.

Modeste alianguka kutoka kwenye paa la nyumba ya baba yao, nyumba ambayo yeye na Euphrasie waliachiwa pamoja. Aliyekuwa ameshika kamba alikuwa Stanislas, mwenzake wa kazi, waliyekula naye na kucheka naye. Kwenye kilio Stanislas alilia kuliko wafiwa. Alipoulizwa imekuwaje, alipangusa macho akasema: "Alisemaka lâche. Mimi nikalâcher. Njo vile alisema, ye mwenyewe." Watu, ambao wengi wao hawajawahi kupanda juu zaidi ya kitanda, wakaitikia kwa huzuni. Maskini Modeste, kajimaliza kwa mdomo wake. Kilio kilikuwa hakijaisha, na msemo ulikuwa umekwisha kufika barabarani.

Lakini kamba hiyo aliyeikusanya siku ile ni Euphrasie. Aliikuta imelala chini ya mparachichi, haikuzungushwa popote, na juu ya ncha yake kulikuwa na jiwe. Jiwe tu, la ukubwa wa mkate. Pembeni yake kulikuwa na karatasi ya sambaza za kukaanga, vile visamaki vya Ziwa Kivu, zimeliwa nusu, mafuta bado yanang'aa, na kwenye jiwe alama za vidole vyenye mafuta hayo hayo. Wakati ule kulikuwa na mama aliyekuwa akiuza sambaza nje ya geti la nyuma. Euphrasie hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Alisema. Alisema siku ile, akasema na siku ya mazishi, mbele ya wazee wa ukoo. Wakamshika bega wakamwambia huzuni inamsumbua, na jiwe si shahidi, Nguba imejaa mawe. Basi akanyamaza. Jiwe akalichukua likawa la kuzuia mlango wa jikoni usijifunge, na sambaza hazikuingia tena katika nyumba hiyo. Kwa mtu wa Bukavu, kuacha sambaza ni kifungo.

Miaka ikapita, na Stanislas akanawiri. Akawa Papa Stani wa matuile, fundi anayeitwa kwenye nyumba za wakubwa, na kwenye shirika, ile jumuiya ya sala ya mtaa, hakuna aliyeomba kwa maneno mengi kama yeye. Paa la Euphrasie, kwa upande wake, liligeuka shamba. Mousse ilinenepa, vigae vikaanza kupishana kama meno ya mzee, na sebuleni pakawekwa ndoo. Majirani walidhani anaogopa kupandisha mtu mwingine baada ya yale yaliyotokea. Maskini, hawakumjua. Alikuwa akimngoja fundi mmoja tu.

Fundi akajileta. Jumapili moja ya mwezi wa nane, shirika lilisali kwa Maman Georgette, mwalimu mstaafu wa Kifaransa na kiongozi wao, na somo lilikuwa juu ya upatanisho. Stanislas alisimama, akaweka mkono kifuani.

"Bapendwa," alisema, "paa ya Maman Euphrasie inaharibika, na masika iko karibu. Mimi nitaisafisha bure. Kwa kukumbuka ndugu yangu Modeste, ule mwenye alikosa neno."

Watu wakapiga makofi. Huko nyuma mtu alicheka puani aliposikia "alikosa neno." Euphrasie alisikia kicheko hicho, akangoja makofi yaishe.

"Aksanti, Papa Stani. Nimekubali," alisema. "Lakini kamba, mimi mwenyewe njo nitashika."

Stanislas alicheka, lakini cheko lilichelewa kidogo.

"Maman, kamba iko kazi ya banaume."

"Modeste alinifundishaka kuishika zamani, mbele hajakujua weye. Ao unaniogopa?"

Angesema nini? Ameshika kifua mbele ya watu wote, anazungumzia upatanisho. Akikataa, wataanza kujiuliza kwa nini anamwogopa dada wa mtu aliyejiua kwa mdomo wake.

"Nikuogope juu ya nini?" alisema. "Sisi tuko na amani."

"Basi njo vile," alisema Euphrasie, akakaa chini akirekebisha kitenge chake.

Usiniulize kama alitaka kumuua. Alitaka. Alitaka kila asubuhi aliposukuma jiwe lile kwa mguu ili kuuzuia mlango wa jikoni. Lakini wiki ile, akichambua mchele, alilifikiria jambo hilo mpaka mwisho wake na akaona halimfai. Stanislas akifa, atazikwa na uongo wake, kwa nyimbo na maua, na huenda Nguba ikapata msemo wa pili. Modeste ataendelea kuchekwa na watoto wasiomjua. Hapana. Alichokitaka Euphrasie ni jina la kaka yake, litolewe kwenye mdomo ule ule uliolichafua, na litolewe watu wakisikia.

Jumamosi asubuhi Stanislas alifika na brashi zake na viatu vyake vya raba. Lazima tumpe haki yake, kazi aliijua. Aliegemeza ngazi, akaifunga kwa waya kwenye ndoano iliyokuwa ukutani ili isiteleze, akatandika gunia kwenye mgongo wa paa, akajaribu kila fundo la kamba mara mbili. Siku ile alijaribu mafundo kama mtu anayekagua jeneza lake. Watu wa shirika walikuja kutazama amani ikifanya kazi. Walisimama barabarani, upande wa mbele, Maman Georgette akiwa katikati yao na mwavuli wake.

Euphrasie alikwenda nyuma. Akazungusha kamba mara mbili kwenye shina la mparachichi, akaweka mguu mmoja mbele, akashika. Jiwe la jikoni alikuwa amelileta. Alilikalisha kwenye mizizi, pale pale alipolikuta zamani.

"Tire!" ilisikika sauti kutoka upande wa pili wa nyumba.

Akavuta.

"Lâche!"

Mikono ya Euphrasie ilisita. Amelitamka kirahisi namna hiyo, kama mtu anayeomba maji ya kunawa.

"Lâche gani, Papa Stani?" aliuliza kwa sauti kubwa, sauti ambayo majirani hawakujua kwamba anayo. "Ya kulegeza ao ya kuachilia?"

Barabarani watu walicheka.

"Ya kulegeza, maman! Ya kazi!"

"Ah, ya kazi. Kumbe iko ya kazi."

Akalegeza mkono mmoja kamili. Hakuwaona watu wa barabarani, lakini alisikia kicheko kikipungua, na sauti ya Maman Georgette ikimuuliza mtu jambo fulani polepole.

Stanislas akaendelea. Mwanzoni alisugua kama inavyotakiwa, kutoka juu kushuka chini, maana ukisugua kwenda juu unainua vigae. Alikanyaga pale kigae kinapolala juu ya mwenzake, penye ubao chini yake. Mousse iliporomoka vipande vipande hadi uani. Na kila aliposema "lâche," Euphrasie aliuliza: "Ya kulegeza?" Na kila mara ilimbidi ajibu: "Ya kulegeza!" Mara ya nne hakuna aliyecheka tena. Mara ya tano Stanislas hakusema lâche. Alinyoosha mkono kufikia mbali, bila kuomba kamba, na akaanza kuharakisha.

Wingu lilikuja kutoka upande wa mlima Kahuzi. Matone ya kwanza yakapiga majani ya mparachichi. Fundi anayejipenda hushuka kwenye tone la kwanza, kwa sababu mousse ikilowa ni sabuni. Lakini huyu alikuwa amebakiza kipande kidogo tu, watu wanamtazama, na jambo alilolitaka kuliko yote duniani ni kumaliza na kutoka kwenye kamba ile asirudi tena. Akakanyaga kigae katikati.

Euphrasie alisikia kigae kikivunjika. Kisha alisikia mwili ukiteleza, brashi ikigonga ngo ngo ngo mpaka chini, na watu wakipiga mayowe. Kamba ikaruka mikononi mwake, ikauma shina, ikakaza. Akaegemea nyuma kwa uzito wote aliopewa na Mungu. Kamba ilimchuna viganja, lakini ilisimama.

"Ameninginia!" mtu alipiga kelele. "Iko kifua tu juu ya paa! Leteni ngazi!"

Ngazi ilikuwa imefungwa kwa waya kwenye kona nyingine ya nyumba, vizuri sana, na fundi mwenyewe. Kuifungua kungechukua muda, na Euphrasie alijua hivyo.

"Shika, maman!" Sauti ya Stanislas ilikuwa imekuwa nyembamba. "Shika!"

"Niko nashika," alisema Euphrasie. "Stani, Modeste alisemaka nini ile siku?"

"Maman, tafazali!"

"Alisemaka nini?"

"Alisema... alisema lâche..."

Euphrasie akatoa mzunguko mmoja kwenye shina. Sasa uzito wote ulimjia mabegani, na damu ikaanza kulowesha kamba. Akaiachia iende kiasi cha kiganja. Upande wa pili wa nyumba mtu mzima alilia kama mbuzi.

Maman Georgette alitokea kwenye kona akikimbia, mwavuli haupo, kitambaa cha kichwa kimeshuka shingoni. Akaona kamba, akaona mzunguko mmoja uliobaki, akaona damu.

"Euphrasie! Funga kamba ku muti! Utaua mutu!"

"Nitafunga, maman. Kwanza aseme. Leo muliisikia bote, lâche iko ya kulegeza. Mimi nashika kamba asubuhi yote, sijakuwa fundi, na nimeijua. Ye fundi, aliikosa namna gani?"

Maman Georgette angeweza kuikamata kamba. Alikuwa karibu, na mikono yake ilikuwa mizima. Akalitazama jiwe lililokuwa kwenye mizizi, akamtazama Euphrasie, na baada ya hapo alisimama wima, akainua kidevu kuelekea paa, akatoa ile sauti iliyotetemesha madarasa kwa miaka mingi.

"Stanislas! Jibu swali."

Na Stanislas akajibu. Alijibu kwa kilio, na barabara nzima ikasikia.

"Hakusemaka lâche! Hakusema! Mimi sikukuwa ku kamba! Nilienda ku mulango, nikanunua sambaza... Niliweka jiwe juu ya kamba. Nilizania nitarudi mbio!"

"Na ye alisemaka nini?"

"Aliniita tu. 'Stani, tire. Stani. Stani.' Nilimusikia, nikasema acha nimalize kulipa... Aliniita mingi, maman. Aliniita mingi."

Hilo Euphrasie hakulijua. Jiwe alilijua, sambaza alizijua, lakini hili halikumfikia kamwe, kwamba kaka yake alikaa juu pale akiita jina la rafiki yake, tena na tena, na rafiki alikuwa akingoja chenji. Mikono ya Euphrasie ikalegea. Vidole vilifunguka vyenyewe, viwili, vitatu, na kwa kitambo hicho hakutaka ukweli wala jina wala chochote, alitaka tu kusikia kishindo.

Kisha akakumbuka duka la chumvi. Kufa ni mara moja, akajiambia. Kuishi Nguba ni kila siku. Akakaza vidole, akazungusha kamba kwenye shina mara ya pili, mara ya tatu, akaifunga kwa fundo alilofundishwa na Modeste, akaketi chini kwenye mizizi akilia kwa sauti. Maman Georgette alimfunga viganja kwa kitambaa chake cha kichwa.

Walimshusha Stanislas mvua ikinyesha vizuri. Watu hawakumpangusa, hawakumletea kiti. Walimwachia nafasi, nafasi kubwa kuliko aliyoihitaji. Alipomwona Euphrasie akitoka nyuma ya nyumba alimwendea akiwa amepiga magoti nusu, mikono mbele.

"Maman, aksanti. Umenisamehe. Mungu akubariki, umenisamehe."

"Sijakusamehe," alisema Euphrasie. "Nimekushika tu. Njo ile kazi ulishindwaka."

Akamwekea jiwe mikononi.

"Hii iko yako. Uliisahauka huku kwetu. Yenyewe hata haikukimbia."

Stanislas alibaki amelishika, hajui aliweke wapi. Kulitupa mbele ya watu hakuweza. Maman Georgette, aliyekuwa akikamua maji kwenye sketi yake, alikohoa kama alivyokuwa akikohoa kabla ya imla.

"Na mujue vile," aliwaambia watu wa shirika, "ile neno lâche iko na maana ingine ku Kifaransa. Iko mutu mwoga, mwenye kukimbia kazi yake wakati mwenzake anamuita. Miaka hii yote tulikuwa tunaisema muzuri. Jina tu njo tulikosea."

Stanislas akaondoka na jiwe lake, akipita katikati yao. Inasemekana alilibeba mpaka nyumbani, kwa sababu kila alipotaka kulitua alikuta kuna mtu anamtazama. Mpaka leo matuile anasafisha, lakini ni huko Kavumu, nje ya Bukavu, na hata huko jina lilimtangulia. Nguba mtoto akiangusha sahani siku hizi, sahani imeanguka tu. Ila ukiwaacha wenzako kazini ukaenda zako, utasikia nyuma yako: "Lâche Stanislas!" Na watu hucheka mpaka wakashika mbavu, Euphrasie wa kwanza wao.

Jioni ya siku ile, mlango wa jikoni ulikuwa ukijifunga kila mara, kwa kuwa jiwe halikuwepo. Euphrasie aliuacha ujifunge. Alikwenda mwenyewe mpaka kwa mama anayekaanga samaki kwenye kona, na viganja vyake vikiwa bado vimefungwa kitambaa, akaomba sambaza za moto, karatasi imejaa. Alizila kwa taratibu kwenye ngazi ya mlango, chini ya paa lililosafishwa nusu, kichwa na mkia, hata moja hakubakiza.